Mkanda wa 400 na Jua la Saa Sita

Barua za safari hii kutoka kwa wapiga picha wa kamera za mkanda karibu zote zinalalamikia jua. Neno moja kabla hatujaanza: nikisema "hatua", nina maana ya mwanga kuongezeka maradufu au kupungua nusu.

Babu aliniachia kamera ya Yashica Electro 35. Dukani nilikuta mkanda wa ISO 400 tu. Mchana nikibonyeza kitufe, taa nyekundu inawaka. Nirudishe mkanda? (Tanga)

Usirudishe. ISO ni kipimo cha wepesi wa mkanda kuhisi mwanga. Taa hiyo inakuambia mwanga umezidi uwezo wa shata, kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga, ambayo kasi yake ya mwisho ni 1/500 ya sekunde. Zungusha pete ya tundu la lenzi kuelekea 16 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo) mpaka taa izimike. Kanuni ya wapiga picha wa zamani ni hii: jua likiwa wazi, weka f/16, yaani tundu la 16, na kasi ya shata ikaribiane na namba ya mkanda. Kwa mkanda wa 400, hiyo ni 1/500. Kamera yako inaishia palepale jua linapotaka. Kuna siri moja pia: betri ikifa, Electro haigomi. Inaendelea kupiga kwa 1/500 tu, basi wewe weka f/16 uendelee na safari. Ufukweni, mchanga mweupe unaweza kuzidisha mwanga kwa hatua moja, lakini negativu inaimeza bila shida.

Nina Leica M6 na lenzi ya f/2. Nataka uso uonekane vizuri na nyuma kufifie, saa sita mchana, kwa mkanda wa 400. (Mombasa)

Kufifisha nyuma kunataka tundu wazi la f/2, na kwa mkanda peke yake haiwezekani. Shata ya M6 inaishia 1/1000, na hapo jua linataka f/11. Kutoka f/11 hadi f/2 ni hatua tano: mwanga mara 2, 4, 8, 16, 32. Utahitaji filta ya kijivu inayopunguza mwanga mara 32. Hapa renjifainda, kamera kama yako yenye dirisha lake la kutazamia, inaipiku kamera yenye kioo ndani, kwa sababu hutazami kupitia lenzi: filta iwe nyeusi kama mkaa, dirisha lako linabaki angavu vilevile. Ila mimi ningesubiri saa kumi na moja jioni. Jua la utosini humchimbia mtu mashimo meusi machoni, na nyuma ikififia namna gani, mashimo hayafukiki.

Nikivisha lenzi filta ya njano, nibadilishe chochote? (Morogoro)

Tazama jicho la kipima mwanga liko wapi. Kwenye kamera kama Canonet QL17 liko ndani ya pete ya lenzi, nyuma ya filta, kwa hiyo usiguse kitu. Kwenye Electro liko juu ya mwili wa kamera na halina habari na filta. Kama filta yako inakula hatua moja, iambie kamera mkanda ni wa ISO 200 badala ya 400.

Vichochoro vya Mji Mkongwe vinanishinda. Huku jua, huku kiza, na nikimaliza kufokasi mtu ameshapita. Lenzi yangu ni ya milimita 35. (Unguja)

Acha kufokasi. Juani, kwa f/16, weka umbali wa mita 2.5 uuache hapo. Kuanzia kama mita 1.3 hadi upeo wa macho kutaonekana safi. Ukiingia kichochoroni, anza na f/8 na 1/125, umbali mita 3, upate kama mita 2 hadi 7. Hesabu yake ni nyepesi: kutoka 16 hadi 8 ni hatua mbili, kutoka 1/500 hadi 1/125 ni mbili nyingine. Fanya mazoezi nyumbani bila mkanda hadi vidole vizoee, viwili huku, viwili kule. Na mzee wa kanzu nyeupe akitokeza kwenye mwale wa jua, rudi kwenye vipimo vya jua. Acha kuta ziwe nyeusi. Picha ni kanzu ile.

Ni kweli jua linaweza kutoboa shata? (Maskati)

Ni kweli, hasa shata za kitambaa kama za Leica za mikanda. Hakuna kioo cha kuikinga, na lenzi inakusanya jua kama kioo cha kuwashia moto. Shata za mabati ndani ya lenzi, kama ya Electro, hazina hofu hiyo sana. Watakushauri utembee na kifuniko. Mimi nilitembea nacho kwenye harusi ya rafiki yangu, nikapiga picha 36 kikiwa bado kwenye lenzi, maana dirishani kila kitu kilikuwa kinang'aa. Bwana harusi hajaacha kunikumbusha. Siku hizi kifuniko kinakaa mfukoni, na lenzi natembea nayo ikitazama chini.