ATM imekata pesa bila kutoa noti: usikubali kuambiwa "subiri" tu

Pole sana ndugu. Mashine imekata salio lako bila kutoa hata noti moja, na kila ukienda tawini unaambiwa usubiri. Acha kulalamika kwa mdomo. Andika barua leo hii: tarehe, saa, mashine ilipo, kiasi, na namba ya muamala iliyo kwenye taarifa ya akaunti. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.

Kwenye barua hiyo waombe wakague kumbukumbu za mashine yenyewe. Kila muamala huandikwa humo, na fedha zilizobaki zikihesabiwa, zile ambazo hazikutoka huonekana kama ziada. Omba pia picha za kamera zihifadhiwe, maana hufutwa baada ya muda. Ushahidi wote huo uko mikononi mwa benki, ndiyo maana nasisitiza uwahi.

Wakikataa, dai jibu la maandishi lenye sababu. Nalo unaenda kwa msimamizi wa mabenki, mara nyingi benki kuu, au mahakamani. Nchi nyingi zina utaratibu wa madai madogo usiohitaji wakili. Wakikurudishia nusu, tafadhali usisaini karatasi inayosema huna dai tena.