Mnaotaka kusomea tiba ya usemi huku Kusini, anzeni na hili

Wadogo zangu wa Mtwara na Lindi mnaoniuliza kuhusu spichi therapi, swali la kwanza huwa ni chuo. Hapa nyumbani angalieni Muhimbili, MUHAS, wana digrii ya usikivu na usemi kwa pamoja, na Makerere Uganda wametutangulia kwenye fani hii. Ukiwa na PCB form six, yaani fizikia, kemia na baiolojia, uko pazuri. Hilo limeisha.

Sasa kubwa. Mtoto wa huku hana lugha moja. Wa Newala analelewa na bibi kwa Kimakonde, wa Nachingwea kwa Kimwera, Masasi unakuta Kiyao au Kimakua, alafu anaingia darasa la awali anakutana na Kiswahili kitupu, na mjini mzazi mwenye uwezo anamtupa inglishi midiamu. Miezi ya mwanzo ananyamaza, basi anaambiwa huyu mzito wa kuongea, mpelekeni akakatwe udata, kale kautando ka chini ya ulimi! Jamani. Mtoto anayeingia lugha mpya kukaa kimya kwa muda ni kawaida kabisa, na kuchanganya lugha mbili kwenye sentensi moja nako ni kawaida, si ndo tunavyoongea wote sokoni.

Tatizo la kweli la lugha linaonekana kwenye lugha zote za mtoto. Kama Kimakonde anasimulia vizuri kisa chote cha mbuzi kula mihogo ila Kiswahili anababaika, huyo anajifunza lugha tu, mpe muda na mwalimu mvumilivu. Akibabaika kote, hapo ndo kazi yako inaanza. Na maneno yake yahesabu kote, kitu akikijua kwa lugha yoyote ile amekijua.

Vipimo vya Uingereza na Marekani msivitafsiri tu mkaanza kutoa maksi. Kile cha Kiingereza kinamtega mtoto kwenye he na she, sisi wote ni "a" tu, anakula, amelala. Wingi wetu uko mwanzoni mwa neno, mtoto, watoto, kwa iyo usikilize kama anapatanisha ngeli kulingana na umri wake. Kinachofaa zaidi kwetu ni kumfundisha kitu kidogo kipya palepale, neno au mchezo, alafu unaangalia anakishika haraka kiasi gani. Na r na l kubadilishana, au kuvuta silabi ya pili toka mwisho kama Kimakonde kinavyovuta, hiyo ni lafudhi ya nyumbani, hakuna cha kutibu hapo.

Masikio yapimwe kwanza, siku zote! Mtoto anayetoka usaha sikioni mara kwa mara, au aliyewahi kuugua homa ya uti wa mgongo, anaweza kuwa hasikii vizuri na watu wanadhani ni mkaidi.

Kingine, muulizeni mtu sahihi. Msimu wa korosho wazazi wako shamba na minadani, anayemleta mtoto anaweza kuwa shangazi ambaye hata hakai naye. Tafuta anayelala naye nyumba moja, muulize toka asubuhi mpaka usiku nani anaongea naye na kwa lugha gani, alafu uliza swali hili moja ambalo mimi nalithamini kuliko karatasi nyingi: ukimlinganisha na kaka zake na dada zake walipokuwa umri huu, yukoje? Ukihitaji mkalimani mwambie mapema asimnyooshee mtoto sentensi, akikosea aseme kakosea vipi, manake hapo hapo ndo penye taarifa yako.

Na naomba sana, msimwambie mzazi aache Kimakonde nyumbani ili mtoto aongee haraka. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto. Ukimkatia ile moja anabaki na bibi asiyeweza kumsimulia kitu, na hata mtoto mwenye usonji au mtindio wa ubongo anahitaji kuongea na watu wa kwao.

Kama hujui lugha ya wilaya utakayopangiwa, anza sasa, salamu, chakula, viungo vya mwili, njoo, nipe, hiki nini, hayo tu yanatosha kucheza na mtoto wa miaka mitatu.