Nyoka Ana Uti wa Mgongo: Kwa Aliyeniandikia Kuhusu Popo

Juzi nilipata ujumbe wa msomaji mmoja, mwanafunzi: "Dada, nimemweka popo kwenye ndege, nimekosa alama na darasa zima limenicheka. Kwani popo haruki?" Niliusoma mara tatu. Mdogo wangu, jibu hilo nalijua vizuri, kwa sababu na mimi niliwahi kuliandika.

Tulipewa orodha ya wanyama tuwagawe katika makundi yao. Popo nikampeleka kwa ndege, nyangumi kwa samaki. Mkunga, kwa kuwa ni mrefu na anateleza, nikamtia kwenye reptilia. Buibui nikamwita mdudu. Nyoka nikaandika hana uti wa mgongo, maana nilijiuliza, mwenye mgongo atajikunjaje vile? Mwalimu akayasoma majibu yangu mbele ya wenzangu, moja baada ya jingine, akisubiri kicheko kiishe ndipo aendelee. Muhula mzima nikaitwa Popo. Miaka imepita na bado sioni kwa nini mtoto anayejifunza afanyiwe hivyo.

Baada ya hapo nikakariri. Orodha ziliingia usiku, asubuhi zikatoka.

Aliyenitoa gizani ni jongoo. Nilimkuta amejiviringa juu ya daftari, nikakaa kimya mpaka akajikunjua. Nikainama nikaanza kuhesabu miguu, pingili baada ya pingili. Zile za mbele kabisa zina miguu michache, lakini baada ya hapo kila pingili ilikuwa na miguu miwili upande huu na miwili upande ule, ikipishana kama wimbi. Kisha nikasoma kwamba tandu ana jozi moja tu kwa kila pingili. Wote wawili ni arithropoda: gamba gumu kwa nje, miguu yenye viungo. Sijawahi kuwachanganya tena tangu siku ile, wala sikukariri.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: uliza mwili. Usiulize anaishi wapi, usiulize anaendaje. Swali la kwanza siku zote ni uti wa mgongo, upo au haupo. Nyoka anao, na wapo nyoka wenye pingili za mgongo zaidi ya 300. Wingi huo ndio unaomwezesha kujikunja. Papa naye anao, ingawa mifupa yake yote ni gegedu, laini kama ile ya sikio lako.

Halafu jihadhari na maneno yetu wenyewe. Nyumbani kila kidogo kinachotambaa ni mdudu. Darasani, mdudu ana miguu sita na mwili wa sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Buibui, nge na kupe aliyekomaa wana minane, hao ni arakinida. Tunasema manyoya ya kuku na manyoya ya kondoo, kumbe ya kuku ni alama ya ndege na ya kondoo ni nywele, alama ya mamalia. Tunasema minyoo, lakini tegu ni bapa, askaris ni wa mviringo, nyungunyungu ana pingili; hao ni makundi matatu tofauti kabisa. Wasio na uti wa mgongo ni zaidi ya asilimia 90 ya spishi zote za wanyama zinazojulikana, na ndio wanafunzi wengi wanaowapitia harakaharaka. Msifanye hivyo. Tazameni miili yao.

Sasa popo. Ana nywele, ananyonyesha, na bawa lake ni mkono: ngozi iliyotandazwa katikati ya vidole virefu. Kuruka hakumfanyi ndege, kama kuogelea kusivyomfanya nyangumi samaki. Nyangumi anavuta hewa kwa mapafu, na mkia wake unapiga juu na chini. Wa samaki unapiga kushoto na kulia. Carl Linnaeus, aliyeweka misingi ya uainishaji tunaoutumia, mwaka 1735 aliwaweka nyangumi pamoja na samaki. Mwaka 1758 akawahamishia kwa mamalia. Alipewa miaka 23 ya kutazama upya, na hakuna aliyemsimamisha mbele ya darasa.

Walimu mnaonisoma, mwanafunzi akikosea muulizeni ameona nini. Mimi nilikuwa nimeona mabawa. Nilikuwa nimetazama, ila nilitazama kimoja tu.

Nilimjibu yule mdogo wangu, nikamwambia aandike "popo" katikati ya ukurasa na kuzunguka jina hilo aandike kila alichonacho mwilini kabla ya kutaja kundi. Jana usiku ameniandikia tena. Popo amekwisha, sasa anauliza kama kobe anaweza kutoka kwenye gamba lake. Nimemwambia atafute gamba la kobe aliyekufa, aligeuze na achungulie ndani: ataona uti wa mgongo umepita katikati, na mbavu zimeungana nalo.