Barua Yako Iko Kwenye Nusu Mstari wa Mwisho

"Shangazi, nina miaka 31, nimeolewa miaka sita na sijawahi kupimwa ukeni. Shavu langu moja la ndani la uke ni refu kuliko mwenzake, tena jeusi. Mume wangu ananing'ang'aniza niende kwa daktari, naona ananidhalilisha. Daktari si ataniona kituko?"

Pole, mwanangu. Kumvulia nguo mtu usiyemjua ni kazi. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu. Ukurasa mzima ni mashavu, na jinsi unavyojifungia chooni na kioo cha mkononi. Chini kabisa umeandika nusu mstari: "halafu huwa natoka damu kidogo tukimaliza tendo." Hiyo ndiyo barua. Mengine yote ni pazia.

Mashavu ya ndani kwa wanawake wengi hayalingani. Mengine hutokeza nje, mengine ni meusi kuliko ngozi ya mwili. Ni maumbile, na daktari wa wanawake ameyaona ya kila namna.

Sasa mumeo. Sijaona popote ulipoandika kwamba amekusimanga umbile. Miaka sita analijua. Ninachoona ni mwanamume aliyekuta damu kwenye shuka akaingiwa na hofu. Niko upande wake kabisa. Ndoa za siku hizi watu wanavuliana nguo, lakini ugonjwa wanafichana. Mficha uchi hazai.

Damu hiyo huenda ni maambukizi, ukavu, au kinyama kisicho na madhara. Lakini pia ni dalili mojawapo ya saratani ya shingo ya kizazi, ambayo karibu mara zote huletwa na virusi vya HPV. Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake waanze kupimwa wakifika miaka 30, hata wasio na dalili. Wewe unayo, basi usingoje.

Kabla ya kwenda kwa daktari, usijioshe ndani, wala usihangaike kunyoa. Siku mbili kabla, msikutane kimwili. Utalala chali, magoti juu, naye daktari ataingiza kifaa mfano wa mdomo wa bata, akifungue taratibu atazame ndani. Ni dakika chache. Omba daktari wa kike ukitaka, na ukiumia mwambie asimame.

Ukiingia, usianze na mashavu. Anza na damu: ilianza lini, hutoka mara ngapi. Na mumeo akitaka kukusindikiza, mwache akusindikize.