"Poor" kwa Kiswahili: maskini, fukara, mnyonge au asiye na uwezo?

Mkuu, umeuliza neno "poor" lina maana zipi na visawe vyake kwa Kiswahili ni vipi, kwa sababu unaandaa kipeperushi cha kikundi cha kinamama wa Mbagala na rasimu uliyopewa inataja "poor women" na "destitute children". Waliotangulia wamekujibu "maskini" wakaishia hapo. Si kosa, ila ukilijaza maskini karatasi nzima, hao kinamama wenyewe hawatakubali kukigawa. Kazi yangu hapa Dar ni kutafsiri hojaji na fomu za mashirika, kisha kukaa na wananchi zinapojaribiwa nione wanazipokeaje. Kwa hiyo nivumilie, jibu ni refu.

Kwanza tuondoe yasiyohusu fedha. Kiingereza hutumia "poor" hata kwa kitu kibovu, na hapo maskini haingii kabisa: ni huduma mbovu, lishe duni, mwanga hafifu, na udongo usio na rutuba, ambao wakulima husema umechoka. Pia kuna "poor" ya kuonea huruma, na hiyo sisi tunayo vilevile. "Maskini, mtoto wa watu!" huambiwa hata mtoto wa tajiri aliyevunjika mguu.

Linalobaki ni la kukosa mali, na humo ndimo watu wanamochanganya mambo.

Maskini na fukara yote yametoka Kiarabu, na tangu huko hayakuwa kitu kimoja. Katika Sura At-Tawba, aya ya 60, wanapotajwa wanaostahili zaka, mafukara wametajwa kwanza, kisha masikini, kila kundi na fungu lake. Wanazuoni wakatofautiana ni nani mwenye hali mbaya zaidi. Wa madhehebu ya Shafi wamesema ni fukara, na hoja yao mojawapo imo katika Sura Al-Kahf, aya ya 79: ile jahazi iliyotobolewa katika kisa cha Nabii Musa ilikuwa ya masikini waliokuwa wakifanya kazi baharini. Yaani mtu ana chombo, ana kazi, na bado anaitwa masikini. Wa Hanafi wanaona kinyume chake. Pwani yetu Waislamu wengi ni wa Shafi, na mimi naona Kiswahili nacho kimeelekea huko huko. Mvuvi wa Feri mwenye ngalawa yake na watoto sita anaweza kuitwa maskini bila mtu kushangaa. Ukimwita fukara, wenzake watakuuliza ngalawa ile ni ya nani.

Kuna jambo lingine nalipenda katika neno hili. Katika sheria za Hammurabi wa Babeli, karibu miaka 1750 kabla ya Kristo, lilikuwepo tabaka la watu walioitwa mushkenum, chini ya waungwana na juu ya watumwa. Ndilo hilo hilo maskini letu, limepita lugha nyingi hadi kufika Kariakoo.

Upande wa Kiingereza nako visawe havilingani, ingawa kamusi huvipanga mstari mmoja. "Poor" imetoka Kifaransa cha zamani, nacho kililitoa kwenye neno la Kilatini "pauper". Kiingereza kikaja kulichukua tena "pauper" lenyewe, na huko Uingereza likaishia kuwa neno la kisheria. Sheria ya maskini ya mwaka 1601 ilizipa parokia wajibu wa kuwatunza wasiojiweza kwa kodi ya wakazi. Mwaka 1697 ikatungwa sheria iliyowalazimisha waliopokea msaada huo kushonewa herufi P begani, upande wa kulia, pamoja na herufi ya parokia yao. Kwa hiyo ukikutana na "pauper" kwenye maandishi ya zamani, si maskini yeyote tu, ni yule anayeishi kwa msaada wa parokia na kila mtu anajua. "Destitute" imetoka kwenye neno la Kilatini la aliyetelekezwa. Hapo Kiswahili kina hohehahe, au asiye na mbele wala nyuma, na kwa mtoto mimi huandika "asiye na pa kukimbilia", maana hohehahe kwa mtoto linakaa kama tusi. "Indigent" utaikuta mahakamani na hospitalini, nasi tunasema "asiye na uwezo". Sheria yetu ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawahusu watu wa namna hiyo, na kwenye dirisha la ustawi wa jamii hospitalini utasikia "huyu hana uwezo, aandikiwe msamaha". Ni maneno ya kistaarabu. Yanasema mtu hawezi kulipa bili hii, basi, hayamhukumu maisha yake yote.

Sasa nikupe lililonifundisha kuwa mwangalifu. Tulikuwa Tandale tunajaribisha hojaji, na swali moja lilisema: "Je, unaona kaya yako ni maskini?" Kijana aliyekuwa akihoji akamuuliza mama mmoja aliyekuwa uani anakaanga mihogo ya kuuza. Mama akaweka upawa kando, akamtazama, akasema, "Mwanangu, maskini ni yule asiye na mtu. Sisi ni hali ngumu tu." Kijana akaandika "hapana" na kuendelea. Maswali machache mbele, mama huyo huyo akaeleza kwamba jana yake walikula mlo mmoja, usiku, na kwamba kodi ya chumba ilikuwa imepitiliza. Kwa karatasi ile angeonekana anajimudu. Swali likabadilishwa likawa "Je, kaya yako inamudu mahitaji ya kila siku?" na hapo watu wakafunguka bila kuona aibu.

Serikali inalitumia maskini waziwazi, na mahali pengine linafaa. Mpango wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, unaitwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 ulionyesha umaskini wa mahitaji ya msingi ni asilimia 26.4, na umaskini wa chakula asilimia 8.0. Hapo neno linapima hali ya nchi, halimnyooshei mtu kidole. Lakini msikilize anayepokea hela yenyewe mtaani: atakuambia "mimi ni mlengwa" au "nipo TASAF". Sijamsikia anayesema "mimi ni kaya maskini".

Mnyonge nalo wengi wanalitumia kama kisawe cha maskini. Mimi sikubaliani nao. Mnyonge amekosa nguvu na sauti, na fedha ni sehemu tu ya hayo. Azimio la Arusha la 1967 lilipozungumzia unyonge wetu, lilikuwa linazungumzia kuonewa, kunyonywa na kupuuzwa. MKURABITA nayo ni mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, ilhali jina lake la Kiingereza halina neno lolote la umaskini. Kama kipeperushi chako kinazungumzia wajane waliodhulumiwa viwanja, andika wanyonge. Kama ni mtaji wa kuuza vitumbua, liache.

Mhitaji ni neno zuri, hasa kwa misaada, na mwezi wa Ramadhani utalisikia kila kona. Ila angalia usiandike "wenye mahitaji maalumu", kwa sababu hapa kwetu hao ni watu wenye ulemavu. Nimeona tangazo likivuta watu tofauti kabisa na waliokusudiwa kwa sababu ya neno hilo moja kuongezwa.

Kabwela, mlalahoi, kapuku, pangu pakavu, yote hayo ni matamu mtu akijisemea mwenyewe au akisema "sisi makabwela" akiwa kwenye daladala na wenzake. Nimefulia, nimechacha, vyuma vimekaza: hayo ni ya mfuko kukauka kwa muda, sawa na "broke" ya Waingereza, na mwenye mshahara mnono naye huyasema mwezi ukielekea ukingoni. Kwenye kipeperushi hayana nafasi.

Kwa hiyo sentensi yako mimi ningeiandika hivi: "Tunawawezesha kinamama wa kipato cha chini wa Mbagala kupata mtaji, na tunawalea watoto wasio na pa kukimbilia." Kama mfadhili anang'ang'ania neno umaskini lionekane, liweke kwenye lengo la mradi, "kupunguza umaskini wa kipato", mbali na majina na picha za watu. Kabla hujapeleka kuchapa, msomee mwenyekiti wa kikundi kwa sauti, wenzake wakiwepo. Wakigoma neno, badilisha, hata kama kamusi iko upande wako.