"Tiba lengwa" au tiba inayolenga?

SWALI: Mwalimu, asalaam aleikum. Natafsiri fomu ya ridhaa ya wagonjwa wa uvimbe wa nyuroendokrini (uvimbe unaoanzia kwenye seli zinazotoa homoni) watakaoshiriki utafiti. Nimeandika: "Tiba lengwa ya mionzi ya ndani inayojaribiwa." Mwenzangu ashikilia kuwa "lengwa" haifai. Mbona basi twasema "lugha lengwa"? – Msomaji, Tudor, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam. Mwenzako kasema kweli, na hiyo "lugha lengwa" ndiyo shahidi wake. Mfasiri huilenga lugha, lugha ikalengwa. Watoto wa Kisauni wakirusha jiwe mwembeni, kilicholengwa ni embe. Jiwe halilengwi, labda mtu alirushie jiwe jingine.

Tazama dawa yenyewe inavyofanya kazi. Seli za uvimbe huu mara nyingi huwa na vipokezi vingi, yaani sehemu za seli zinazonasa homoni, vya homoni iitwayo somatostatini. Wataalamu hutengeneza kitu kinachofanana na homoni hiyo, wakakifunga pamoja na lutetiamu-177 inayotoa mionzi, kisha mgonjwa akapewa kwa dripu. Dawa husafiri na damu mpaka inase kwenye vipokezi vile, na mionzi yake huua seli za hapo hapo, maana haipenyi zaidi ya milimita 2 hivi. Sasa nani kalengwa? Uvimbe. Ukiandika "tiba lengwa" umeigeuza dawa kuwa shabaha, hata kama wako wengi wanaoandika hivyo.

Kuna tatizo jingine ambalo hukuliuliza. "Tiba ya mionzi ya ndani inayojaribiwa": ni ipi inayojaribiwa, tiba au mionzi? Zote mbili huchukua "i-", kwa hiyo sarufi haimsaidii msomaji. Tumia "matibabu", upate "yanayo-", na utata umekwisha.

Na kote kwenye fomu hiyo, tafadhali, usiandike "wagonjwa wanaojaribiwa". Ajaribiwaye kwetu pwani ni mja anayetahiniwa na Mola wake, na mgonjwa ana mtihani wa kumtosha. Katika NETTER-1, jaribio la dawa ya aina hii ambalo matokeo yake yalichapishwa 2017, wagonjwa 229 wenye uvimbe wa utumbo walishiriki. Kilichojaribiwa ni dawa.

Mimi ningeandika: "Matibabu ya mionzi yanayolenga uvimbe kutoka ndani ya mwili, yanayojaribiwa kwa wagonjwa walioridhia." Ni ndefu kuliko yako, lakini anayeitia sahihi ataielewa. Usishawishike kuongeza "bado" kabla ya "yanayojaribiwa": Marekani iliidhinisha dawa ya aina hii mwaka 2018 kwa uvimbe wa njia ya chakula na kongosho. Ikiwa utafiti wenu wahusu uvimbe wa mapafu, kwa mfano, yataje mapafu hapo hapo kwenye sentensi.