Machine Head, albamu ya bendi ya rock ya Deep Purple, ilirekodiwa hotelini kweli?
Ndio kaka uliyeuliza, ni kweli kabisa, Deep Purple walienda Montreux kule Uswisi Desemba 1971 wakiwa wamekodi lori lenye studio ya kurekodia la bendi ya Rolling Stones wakarekodie kasino, sasa kwenye shoo ya mwanamuziki Frank Zappa humo kasinoni jamaa mmoja akafyatua fataki kwenye dari na jengo lote likateketea. Wakahamia ukumbi mwingine, majirani wakalalamika kelele polisi wakaja, ndo wakaishia Grand Hotel ambayo ilikuwa imefungwa kwa msimu wa baridi. Wakapiga mzigo kwenye korido, magodoro yamesimamishwa ukutani kuzuia sauti, na kufika kwenye lori ilibidi wakatize vyumba na vibaraza mpaka wakachoka kwenda kusikiliza walichorekodi! Mi naamini ndo maana gitaa na kinanda vinasikika laivu vile.